Jino hung'olewa, mwiba huchomolewa: Kitenzi kilichoharibu breki Wema

Kwa miaka mingi nimesahihisha vitenzi vya wanafunzi kwa kalamu nyekundu, na sikumbuki hata kimoja kilichowahi kuvunja kitu. Mwezi uliopita nilikosea kitenzi changu mwenyewe, na kosa hilo likaharibu masta silinda ya breki. Leo nawaeleza wasomaji wa safu hii jinsi ilivyotokea, kwa sababu kosa lenyewe ni la kisarufi na nadhani wengi wetu tunaotafsiri tunalifanya kila siku bila kujua.

Gari linalohusika ni Land Rover Series III ya mjomba wangu. Aina hii ilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, na mpaka leo bado ziko zinazokohoa vijijini kwetu. Mjomba anaishi Wema, kijiji cha Wapokomo kando ya Mto Tana, eneo la Garsen. Gari lake hubeba mpunga, maembe na ndizi. Usiku, mama akishikwa na uchungu wa kujifungua, ndilo linalobishiwa hodi. Maji ya mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliliingia, likasimama miezi na miezi, na lilipowashwa tena injini iliitika lakini pedali ya breki ilikuwa ngumu kama jiwe.

Mwanawe mjomba, kijana anayejifunza umakanika, akanitumia picha ya ukurasa wa kitabu cha gari hilo, wa Kiingereza. "Kaka, nitafsirie hapa. Hiki Kiingereza kinanipiga chenga, na kesho nafungua masta."

Ukurasa ulisema kwamba pushrodi iondolewe. Pushrodi ni ile fito fupi ya chuma inayounganisha pedali na pistoni ya masta silinda. Basi mimi nikaketi usiku kucha na nomino. Niiite fimbo? Kijiti? Mtaimbo? Mwishowe nikachagua "ufito wa kusukumia", nikajisifu kimoyomoyo. Kitenzi sikukifikiria hata dakika moja. "Toa" niliona ni dhaifu, maana kijana alikwisha kuniambia kitu kimekwama. Nikaandika: "Ng'oa ufito wa kusukumia." Nikatuma, nikalala.

Kijana alifanya kama alivyoandikiwa. Aliibana ile pushrodi kwa praizi, akakanyaga fremu kwa mguu mmoja, akavuta kama mtu ang'oaye kisiki. Ikatoka. Lakini ilitoka na kipande cha ukingo wa silinda, na silinda iliyopasuka ukingo haifai tena.

Nilifika Wema Ijumaa iliyofuata. Chini ya mwembe nilimkuta fundi mzee aliyeitwa kutoka Garsen, kakipakata kile chuma mapajani. Hakunipigia kelele. Alinionyesha mahali palipomeguka, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, ni wewe uliyemwandikia ang'oe?"

Nikakubali kuwa ni mimi.

"Sasa ona. Jino hung'olewa. Muhogo hung'olewa. Mwiba huchomolewa. Hii haikumea humu ndani, hii ilichomekwa. Kitu kilichochomekwa unakichomoa, na kabla ya kukichomoa unauliza kilichomekwa vipi."

Nimesoma vitabu kadhaa vya sarufi kuhusu jambo hilo. Sijawahi kulisikia likielezwa vizuri zaidi.

Ili msomaji aone uzito wa maneno yake, tuitazame kwanza breki yenyewe. Dereva akikanyaga pedali, pedali husukuma pushrodi, nayo pushrodi husukuma pistoni iliyo ndani ya silinda. Pistoni husukuma fluidi ya breki kwenye mapaipu hadi magurudumuni, na huko viatu vya breki hubanwa kwenye ngoma. Dereva akiondoa mguu, springi iliyo ndani ya silinda huirudisha pistoni nyuma. Kitu kinachoizuia pistoni isirushwe nje ni wosha pamoja na saklipu, yaani kijipete cha chuma chenye mwanya kilichopachikwa kwenye mfereji mdogo mdomoni mwa silinda. Wosha hiyo hiyo ndiyo inayoishika pushrodi. Juu ya yote huvishwa raba ya kuzuia vumbi.

Kwa hiyo pushrodi haishikiliwi na kutu peke yake. Imefungiwa mlango. Ukivuta kwa nguvu zote, unavutana na saklipu, na saklipu inavutana na ukingo wa mfereji wake. Mmoja wao lazima avunjike. Njia sahihi ni kinyume cha kuvuta: unaisukuma pushrodi ndani kidogo ili saklipu ipumue, unaipachua saklipu, ndipo pushrodi ichomoke karibu yenyewe. Neno langu, "ng'oa", lilimwambia kijana atumie nguvu kuelekea nje mahali ambapo kazi ilitaka subira kuelekea ndani.

Hapo ndipo sarufi inapoingia. Katika Kiswahili tuna mnyambuliko ambao walimu huuita kauli ya kutendua. E. O. Ashton aliupa nafasi yake katika *Swahili Grammar* ya 1944, na kila mtahiniwa wa kidato cha nne amewahi kuulizwa: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua, tega, tegua. Kanuni ya irabu ni rahisi. Mzizi wenye *o* huchukua *-oa*, kama choma na chomoa. Mizizi yenye irabu nyingine huchukua *-ua*. Vitenzi vya kuweka kitu mahali, vile vyenye *-ika* au *-eka*, hudondosha kiambishi hicho kwanza: pachika, pachua, bandika, bandua, anika, anua, chomeka, chomoa. Hata vaa ina mwenzake, vua.

Mnyambuliko huu si wa Kiswahili pekee. Ni urithi wa Kibantu. Mkikuyu husema *hinga* kwa kufunga na *hingura* kwa kufungua. Mkamba husema *vinga* na *vingua*. Kipokomo chenyewe na Kiswahili ni ndugu wa karibu, wote katika kundi ambalo wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilichambua katika kitabu chao cha 1993 kuhusu Kiswahili na lugha za Sabaki. Fundi yule hakuhitaji kitabu ili atofautishe kung'oa na kuchomoa. Mimi niliyesoma vitabu ndiye niliyevichanganya.

Tunachokosa kufundisha darasani ni hiki: kitenzi cha kutendua hubeba kumbukumbu ya kitendo kilichotangulia. Ukisema "bandua", umekwisha kusema kwamba kitu kilibandikwa, kwa hiyo kiko juu ya uso wa kitu kingine na hutoka kwa kuinuliwa ukingo. Ukisema "pachua", umesema kwamba kiliingizwa mahali penye umbo lake, kwa hiyo tafuta umbo hilo kwanza. Ukisema "zibua", umesema tundu lilikuwapo na likazibwa. Kitenzi kimoja kinakupa historia ya kitu na njia ya kukitengua. Lakini "ng'oa" hakina asili ya namna hiyo. Hatuna kitenzi cha kupachika ambacho "ng'oa" ni kinyume chake. Kinasema tu kwamba kitu kimeshika kwa mizizi na nguvu itahitajika.

Tahadhari ndogo kwa walimu wenzangu. Si kila *-ua* ni ya kutendua. Kamua si kinyume cha kama. Vyote viwili vinakwenda upande mmoja, wa kubana ili kitoke kilichomo. Umbua imekwenda mbali na umba hadi kwenye kufedhehesha. Na si kila kitendo kina kinyume chake katika mnyambuliko: nati tunaikaza, lakini hatuikazui, tunailegeza. Lugha haijengwi kwa rula. Hata hivyo, pale mnyambuliko unapofanya kazi, unafanya kazi kwa usahihi ambao kitabu cha Kiingereza cha gari lile hakikuwa nao. Chenyewe kilitumia kitenzi kimoja kwa nati, kwa raba, kwa saklipu, kwa pushrodi na kwa pistoni. Vitu vitano vinavyotoka kwa njia tano, neno moja.

Sisi nasi tumeanza kuiga umaskini huo. Sikiliza gereji nyingi za mijini: toa nati, toa raba, toa masta, toa upepo, toa kila kitu. "Toa" limekuwa kama spana moja ya kufungulia gari zima. Fundi mzoefu anaweza kusema "toa" na mkono wake ukajua la kufanya, kwa kuwa ujuzi uko mkononi. Kwa mwanafunzi aliye peke yake na karatasi, ujuzi uko kwenye neno. Neno likikosea, mkono nao unakosea.

Niliuliza kama tungeweza kuinyoosha silinda ile, kupiga msasa kidogo, tukairudisha. Fundi akatikisa kichwa. "Itakubali leo. Utafika nayo Garsen, utafika nayo hata Minjila. Siku itakayokataa utakuwa na mama mgonjwa nyuma na lori mbele." Hakuna aliyebishana naye. Silinda mpya ikaagizwa Mombasa, gari likalala siku nyingine kumi, na katika siku hizo kumi sikupenda kukutana macho na mjomba.

Tuliitumia nafasi hiyo kuiandika upya tafsiri. Tulikuwa watatu: fundi akisema, kijana akishika chuma kilichoharibika, mimi nikiandika. Kila sentensi nilimsomea kijana, naye akaionyesha kwa mikono. Mikono ikisita, sentensi ilirudi jikoni.

Kwanza nomino zangu zilipita kwenye chujio. "Ufito wa kusukumia" ulikufa pale pale. "Ni pushrodi," kijana alisema, "hata dukani nikisema ufito wataniuzia miti ya kujengea." Kweli kabisa. Masta ikabaki masta, pistoni ikabaki pistoni, saklipu ikabaki saklipu. Kiswahili kimekopa majina ya vitu tangu enzi za majahazi na hakijapungukiwa na chochote.

Palikuwa na jina moja la kikwetu ambalo lilikuwa hatari zaidi kuliko la kukopa. Mimi nilikuwa nimeandika "mafuta ya breki". Fundi akalikata. Fluidi ya breki ya kawaida, ile ya DOT 3 au DOT 4, si mafuta kama ya injini. Mtu akiona neno "mafuta" akamimina oili ya injini, raba za ndani zitavimba na breki zitaharibika zote, kuanzia masta hadi magurudumuni. Vilevile fluidi hii ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishavuta maji kwa kiwango kinachotumiwa kuipima, kikomo hicho hushuka hadi 140. Maji hayo hayo ndiyo yanayoleta kutu ndani ya silinda ya gari lililosimama muda mrefu, hasa kwenye joto na unyevu wa bonde la Tana. Kwa hiyo tuliandika "fluidi", tukaongeza onyo. Nilijifunza kwamba neno la kikwetu si lazima liwe neno la kweli.

Kisha tukaja kwenye vitenzi, na huko hatukukopa hata kimoja. Hivi ndivyo karatasi ilivyotoka:

"Zuia magurudumu kwa mawe, maana gari halina breki. Nyonya fluidi yote kwa bomba la sindano, usitumie mdomo, ni sumu. Wala usiidondoshe kwenye rangi, inakula rangi. Fungua paipu. Nati inayoishika pushrodi kwenye mkono wa pedali ikiwa na kutu, ipake mafuta ya kulegeza kutu, ilale hadi kesho, kisha ikwamue polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikikwamuka, ilegeze mpaka pushrodi iachane na pedali. Fungua bolti zinazoshika masta, itoe nzima pamoja na pushrodi yake. Vua raba. Sukuma pushrodi ndani kidogo, ishikilie hapo, pachua saklipu. Sasa chomoa pushrodi. Ikikataa kuchomoka, usiing'oe: kuna kitu hujakipachua."

Sentensi hiyo ya mwisho ni ya kijana. Aliisema mwenyewe, akacheka, nami nikaiandika kama ilivyo.

Sehemu ya pistoni ilituchukua muda. Pushrodi ikitoka na pistoni ikabaki imeganda, hatuing'oi wala hatuichomoi, kwa sababu haina mahali pa kushika. Inanasuliwa. Unaimwagia fluidi safi ya breki, unaiacha usiku kucha, kisha unaingiza upepo wa pampu kidogo kidogo kwenye tundu la paipu, mdomo wa silinda ukiwa umeelekezwa chini kwenye matambara. Usiweke uso mbele yake. Pistoni iliyonasuka ghafla huruka kama risasi. Mwalimu ndani yangu akataka kuandika "hewa". Kijana akasema, "Hapa ni upepo, kaka. Hewa ni ya kupumua." Upepo ukabaki.

Kuna na kijitundu kidogo ndani ya silinda ambacho hurudisha fluidi kwenye kikopo chake dereva anapoondoa mguu. Kikizibwa na uchafu, breki hubaki zimeshika na ngoma hupata moto. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "toboa kitundu". Fundi akanitazama tena kwa jicho lile lile la siku ya kwanza. "Ukimwambia atoboe, atachukua drili." Tukaandika "zibua". Toboa huanzisha tundu. Zibua hulirudishia tundu uhai wake. Tofauti ya vitenzi hivyo ni tofauti ya masta mbili.

Tulimalizia na kurudisha. Pushrodi ikichomekwa upya kwenye masta mpya, isibane pistoni pedali ikiwa imepumzika. Iachwe icheze kama milimita moja na nusu. Isipocheza, pistoni haitarudi mpaka mwisho, kijitundu kitabaki kimefunikwa, na breki zitashika zenyewe njiani. "Kucheza" ni neno la gereji ambalo hakuna kamati ingelibuni vizuri zaidi. Usukani hucheza, gurudumu hucheza, na safari hii tunataka kitu kicheze.

Nasema haya yote kwa sababu ya jambo moja. Tangu Katiba ya 2010 kukifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mjadala wetu kuhusu Kiswahili cha kazi umekuwa mjadala wa nomino. Tunaketi kwenye makongamano kuamua kama tuseme pushrodi au ufito, kompyuta au tarakilishi, na tukishaafikiana tunapiga makofi. Vijana wa vyuo vya ufundi hawakwami kwenye nomino. Duka la spea limekwisha kuwafundisha. Wanakwama pale maelekezo yanapowaambia "ondoa" bila kuwaambia kwa vipi, na hilo Kiswahili kinaweza kulieleza kuliko lugha nyingi, kwa silabi mbili tu mwishoni mwa neno. Anayetaka kuandika kitabu cha ufundi kwa Kiswahili aanze na orodha ya vitenzi, na aipeleke kwa fundi kabla ya kuipeleka kwa mhariri.

Kuna tofauti moja ya mwisho ambayo kijana aliiuliza mwenyewe, tukinywa chai baada ya kazi. Akipata gari ambalo pushrodi imeachana na pedali, amwambie mwenye gari "imechomoka" au "imechomolewa"? Nikamwambia ni maneno mawili tofauti kabisa. "Imechomoka" ni kauli ya kutendeka: hakuna mtajwa, ilitoka yenyewe, kwa hiyo tafuta nati iliyolegea au mahali palipoliwa. "Imechomolewa" ni kutendwa: kuna mkono uliopita hapo, muulize nani na kwa nini. Kwenye breki, mwenye gari ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Akafikiri kidogo. "Basi ile ya kwetu haikuchomoka wala haikuchomolewa."

"Iling'olewa," nikasema.

"Na mwalimu," akaongeza fundi, akimimina chai.

Masta mpya ilifungwa siku ya kumi na moja. Walitoa upepo kwenye mapaipu, wakakanyaga, wakakagua kila ungio, wakalijaribu gari kwenye uwanja wa kijiji kabla ya kuliingiza barabarani. Karatasi ile kijana ameibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake la spana. Juma hili alinipigia simu kuniambia kwamba usiku wa Jumanne mjomba alimpeleka jirani hospitalini, mvua ikinyesha, na mama na mtoto wako salama. Kisha akaniomba nimtafsirie ukurasa wa klachi. Nimemwambia anisubiri hadi Jumamosi, nije tukae na fundi.